Kibanio Kwanza, Mtamba Baadaye

Mada iliyotolewa kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika semina ya siku moja, Kigamboni. Tunaichapa kwa faida ya wanakikundi ambao hawakufika, na wale waliofika mada ikiwa nusu kwa sababu ya foleni ya kivuko.

  

Leo hatukuja kuzungumzia majani wala pumba. Mambo hayo tumeyasema semina nyingi, na wengine mmeshayajua kuliko sisi. Tumekuja kuzungumzia vifaa vya kumshika mnyama mchanga: ndama, mtamba ambaye hajapandishwa, na dume dogo linaloanza kujua nguvu zake. Amshikwe mtu asiumie, na mnyama naye asiumie. Kwa kweli mada hii ilitakiwa iwe ya kwanza kabisa tulipoanza mradi wa kopa ng'ombe lipa ndama, na haikuwa. Tutaeleza kwa nini.

Wengi mnamfahamu mama mmoja wa kikundi chetu, ambaye ametupa ruhusa kusimulia mkasa wake ila hakutaka tumtaje jina. Alipata mtamba wa miezi kumi hivi. Banda alikuwa nalo zuri, hori la saruji, paa la bati, majani ya tembo robo eka. Sisi wenyewe tulikwenda kulikagua tukaweka alama ya vema kwenye fomu. Siku ya kumpiga mtamba sindano ya minyoo hapakuwa na mahali pa kumshikia. Akafungwa kamba shingoni, kamba ikazungushwa kwenye mwembe, na mama akashika ncha yake. Ili asiteleze, akaizungusha kamba mara mbili kwenye kiganja. Mtamba aliposikia sindano akaruka nyuma. Kamba ya nailoni ikakaza. Mama akapoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, mkono anaokamulia. Mtamba naye alianguka akiwa amekabwa na kitanzi shingoni, akaokolewa na kijana aliyekata kamba kwa panga.

Tuliporudi ofisini tuliisoma tena ile fomu ya ukaguzi. Ilikuwa na maswali kuhusu banda, maji, majani, mbolea itakwenda wapi, na kama familia imehudhuria mafunzo. Hakukuwa na swali hata moja lililouliza: mnyama huyu atashikiwa wapi? Fomu ile tuliiandika sisi. Mama alitimiza kila sharti tulilompa, na hilo ndilo linalotuuma mpaka leo.

Ndugu zetu, kuna sheria katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, ambayo wengi tunaipita haraka. Inamhusu mtu anayejenga nyumba mpya. Nyumba za kule zilikuwa na dari bapa ambalo watu walikaa juu yake jioni, na mjenzi aliagizwa kuweka ukingo kuzunguka dari, kwa sababu mtu akianguka kutoka mahali pasipo na ukingo lawama inamrudia mwenye nyumba. Angalieni kwamba haikusemwa asubiri mtu aanguke kwanza. Ukingo ulikuwa sehemu ya kujenga. Na katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imewekwa tofauti kati ya ng'ombe aliyempiga mtu pembe ghafla na yule ambaye mwenye naye alishaonywa tabia yake akamwacha bila kumzuia. Huyu wa pili anabeba mzigo mzito zaidi. Masheikh wetu nao wametukumbusha habari ya yule bedui aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mungu, akaambiwa amfunge kwanza. Kwa hiyo tunapozungumza kuhusu nguzo, kamba na vipingo, tusidhani tumetoka nje ya mambo ya imani.

Kuna mtu aliwahi kutuletea kijitabu cha kigeni kuhusu vifaa vya kuwashikia farasi wachanga kwenye ranchi. Tulicheka kidogo, maana farasi wengi wetu tumewaona kwenye picha tu. Nchi hii haikuwahi kuwa rahisi kwa farasi, kwa sababu ya ndorobo na ule ugonjwa mkali wa farasi unaoenezwa na visubi. Lakini tulipokisoma, tuliona kwamba ukiondoa matandiko ya kupandia, karibu kila kilichomo kinatuhusu: hatamu ya kichwani, zizi dogo la kumzoezea, njia nyembamba ya kumsimamisha, ngazi ya kumpakia kwenye gari. Tena mradi wenyewe wa kupeana mitamba una historia na farasi. Ulianzishwa Marekani na mkulima aliyeitwa Dan West, wa Kanisa la Ndugu, na ng'ombe wa kwanza walipelekwa Puerto Rico mwaka 1944. Baada ya Vita Kuu ya Pili, meli zilipeleka mitamba na farasi kwa maelfu katika nchi za Ulaya zilizoharibiwa na vita, kama Poland na Ugiriki. Waliowahudumia wanyama hao melini walikuwa wanaume na vijana wapatao 7,000, baadhi yao wanafunzi, walimu na wachungaji wa makanisa. Wanyama walisimama kwenye vizimba vyembamba vya mbao, na ndivyo watu wa aina hiyo walivyoweza kuwahudumia baharini.

Mnyama mchanga anaona nini

Kabla ya vifaa, tumwelewe mnyama. Ng'ombe macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa sehemu ndogo iliyo nyuma yake kabisa. Ukimjia kutoka hapo nyuma, kwake umetokea ghafla kama mwizi. Mjie ubavuni, usawa wa bega, ukiwa unasema naye taratibu. Farasi hurusha teke moja kwa moja nyuma. Ng'ombe yeye hurusha mguu kwenda mbele kisha pembeni, kama mtu anayefagia, na ndiyo maana mkamuaji hupigwa akiwa ameketi ubavuni akidhani yuko salama. Pahali penye usalama zaidi ni karibu na bega, ukiwa umemgusa, siyo hatua moja kutoka kwake ambapo teke linakufikia likiwa na nguvu zote.

Yuko mama mmoja wa Marekani, Profesa Temple Grandin wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, ambaye amefanya kazi hii miaka mingi. Ana usonji, na anasema hali hiyo imemsaidia kuona vitu vidogo ambavyo wanyama wanaviona na sisi tunavipuuza. Mwanzoni mwa kazi yake alikuwa akiingia mwenyewe ndani ya vibanio, akiinama usawa wa macho ya ng'ombe, ili ajue kinachowafanya wagome. Alikuta mnyororo unaoning'inia na kuchezacheza, kivuli kikali sakafuni, koti lililotundikwa kwenye uzio. Nasi tulijaribu kwa mfugaji mmoja wa huku kwetu ambaye mtamba wake aligoma kuingia kibanioni wiki nzima, akapigwa fimbo mpaka akatoka alama. Tuliinama tukachungulia. Mbele kabisa, kwenye kamba ya nguo, kulikuwa na kanga inayopepea na upepo wa bahari. Kanga ikaondolewa, mtamba akaingia. Huyo bwana alituangalia kama tumefanya uganga.

Hatamu

Kifaa cha kwanza ni cha bei ndogo kuliko vyote: kamba ya kichwani, yaani hatamu. Kitanzi cha shingoni kinachojikaza si hatamu. Hicho kinakaba, na mnyama anayekabwa hawezi kutulia hata akitaka, anapigania pumzi. Hatamu inapita nyuma ya masikio na juu ya pua, ule mkono wa kamba wa kuongozea unatokea chini ya taya upande wa kushoto. Ukivuta, inabana puani na kidevuni, ukiachia inalegea. Mnyama anajifunza haraka sana kwamba akisogea mbele kubanwa kunakwisha.

Tumieni kamba ya katani, unene wa kidole gumba au pungufu kidogo. Mita tatu na nusu zinatosha. Nailoni ni nyembamba, inateleza, na ikipita mkononi kwa kasi inachoma kama moto. Tena katani yetu inatoka hapo Tanga na Morogoro, hatuna sababu ya kuikosa.

Ndama azoezwe kuguswa tangu wiki ya kwanza: masikio, miguu, tumbo, chini mahali pa kiwele. Huyu ana kilo 25 au 35, mtoto wa shule anaweza kumshika. Akifika miezi miwili au mitatu avishwe hatamu, dakika kumi kwa siku, afungwe kwenye nguzo imara huku mtu akiwapo. Wiki mbili zinatosha kwa ndama wengi. Mkisubiri mpaka afike umri wa kupandishwa, atakuwa amezidi kilo 200, na hapo hakuna mwanaume wa Kigamboni atakayeshindana naye kwa kuvutana. Wanaume hapa mnacheka, lakini tumeona.

Mambo matatu kuhusu kufunga. Fungeni juu, usawa wa bega la mnyama au zaidi, kamba ikiwa fupi kiasi kwamba hawezi kuingiza mguu. Tumieni fundo la kitanzi, lile ambalo ukivuta ncha moja tu linafunguka lote, hata mnyama akiwa amelivuta kwa uzito wake wote. Na la tatu ndilo lililomgharimu mama yetu: kamba isizungushwe kamwe mkononi, kiunoni wala kwenye kifundo cha mguu. Ikunjwe kama daftari, uishike katikati, ili ikibidi uachie. Watoto waambiwe hili kila siku, maana ndio wanaopeleka ndama majani wanapotoka shule.

Kibanio

Sasa tuje kwenye kibanio, wengine mnakiita krashi. Tutakaa hapa kwa muda.

Kibanio ni njia nyembamba ambayo mnyama akiingia hawezi kugeuka, na mbele ina mdomo wa kushikia shingo. Kwa mfugaji mwenye ng'ombe wawili au watatu, kibanio cha mnyama mmoja kinatosha. Urefu mita mbili na nusu. Upana wa ndani sentimita 65 hadi 70 kwa ng'ombe wetu wa chotara. Kikiwa kipana zaidi, mtamba atageuka katikati, na hapo ndipo wanapovunja miguu. Kwa ndama, msijenge kingine: wekeni ubao wa kuning'iniza upande mmoja, upana upungue. Kimo cha pau la juu ni mita moja na nusu.

Nguzo ziwe nane, nne kila upande. Hapa Kigamboni tatizo letu ni mchanga. Mfugaji wa Arusha akichimba sentimita 60 nguzo yake inasimama, sisi tukifanya hivyo baada ya masika moja inacheza kama jino la mtoto. Chimbeni sentimita 80 hadi mita moja, mwage zege kuzunguka nguzo, na juu mfunge nguzo za pande mbili kwa mti wa kukingama, juu zaidi ya kichwa cha mnyama. Mkikosa fedha za zege nguzo zote, anzeni na nne za mbele na nyuma, ndizo zinazopigwa zaidi.

Miti ya mikaratusi au mivinje inafaa kama imekauka. Sehemu inayoingia ardhini ichomwe kidogo kwa moto au ipakwe dawa ya mchwa. Tumeulizwa kuhusu boriti za mikoko, ambazo ni kweli mchwa haziziwezi. Mikoko haikatwi bila kibali, na huko pwani yetu ya Kimbiji na Pembamnazi ndiyo inayotunza samaki na kaa, kwa hiyo tafadhali tusijengee kibanio cha kanisa kwa mali ya wavuvi. Wenye uwezo wa mabomba ya chuma wajue kwamba hewa ya chumvi itayala msipopaka rangi kila mwaka.

Jambo ambalo mafundi wengi wanakosea: mapau yapigiliwe upande wa ndani wa nguzo, siyo nje. Mnyama akisukuma, analibana pau kwenye nguzo. Likiwa nje, kila anaposukuma anang'oa misumari. Wekeni mapau manne kila upande, la chini kabisa lianze sentimita 40 kutoka ardhini, yanayofuata yapishane sentimita 35. Kisha pitisheni kiganja, polepole, ndani yote kuanzia mbele hadi nyuma. Kila msumari uliotokeza na kila kichomo cha mti mtakachokisikia nyinyi, ngozi ya mtamba itakisikia kwa nguvu mara kumi. Tumewahi kukuta kibanio kipya chenye misumari kumi na mmoja iliyotokeza ndani, na fundi alikuwa ameshalipwa.

Mdomo wa mbele ni miti miwili ya wima. Mmoja umesimama imara, mwingine unazungukia pini ya chini, na juu unafungwa kwa pini ya chuma ukishaibana shingo. Nafasi ya shingo ni sentimita 15 hadi 18 kwa mitamba. Nafasi hiyo iwe wazi mpaka chini ardhini. Msiweke pau lolote la kukingama chini ya koo. Sababu yake ni kwamba mnyama mchanga akiogopa hupiga magoti, na akipiga magoti koo lake likaegemea pau, anakufa kwa dakika chache huku ninyi mkihangaika na pini. Ile pini ya juu ifungwe kwa mnyororo mfupi isipotee, na ikae mahali ambapo mtu aliye nje anaifikia bila kuingiza mkono ndani.

Nyuma kuwe na vipingo viwili vya kupitisha. Kimoja kikae juu ya kifundo cha mguu wa nyuma na chini ya mkia, mnyama asirudi nyuma wala asikae. Kile kingine cha juu kidogo, cha kumlinda mhimilishaji. Uhimilishaji sasa unafanyika mpaka huku kwetu, kwa mbegu za madume bora zinazotoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kule Usa River, Arusha. Mhimilishaji anaingiza mkono wake mpaka begani. Mtamba akilala au akigeuka ghafla, mkono huo unavunjika. Mtaalamu mmoja alituambia kwamba akifika kwa mfugaji asiye na kibanio siku hizi anageuza pikipiki. Hatukumlaumu.

Sakafu watu wanaisahau. Saruji laini ikilowa kinyesi ni barafu. Wekeni zege lenye mistari ya kukwaruza, mikwaruzo ikipishana kila sentimita kumi, au changarawe iliyoshindiliwa. Mnyama anayeteleza anaingiwa na hofu kuliko anayepigwa sindano.

Na wakati wa kazi, mtu asiingize mkono wala kichwa kati ya mapau. Sindano zipigwe kutoka juu ya pau au nyuma ya mdomo, upande wa shingo. Mtoto asipande juu ya mapau kutazama. Sauti ziwe chini. Anayepiga mluzi na kelele ili mnyama aingie, apewe kazi nyingine ya kuchota maji.

Siku ya kwanza mtamba asipigwe sindano kibanioni. Apewe pumba humo, apite, atoke. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu fungeni mdomo kwa dakika moja, afunguliwe huku anakula. Mtamba aliyekutana na maumivu mara ya kwanza alipoingia atawasumbua miaka sita.

Pembe, dume na gari

Pembe tuziseme kwa ufupi. Vichomozo vichomwe ndama akiwa na wiki chache tu, kabla havijashikamana na fuvu, na afisa mifugo ampige ganzi kwanza. Kukata pembe za mtamba mkubwa kwa msumeno ni damu nyingi na maumivu makubwa, na kwa kawaida hufanyika kwa sababu mtu aliahirisha. Dume dogo ambalo hamtalitumia lihasiwe au liuzwe mapema. Ng'ombe dume wa maziwa aliyelelewa kwa mkono, ambaye watoto walimzoea na kumkumbatia, akifika mwaka na nusu ni hatari kuliko wa porini, kwa sababu hamwogopi mtu hata kidogo. Anayetaka kumtunza kwa ajili ya mbegu amwekee pete ya puani akikaribia mwaka mmoja, na kamwe asimwingilie zizini peke yake.

Usafiri. Mitamba yetu mingi inatoka Tanga, Kilimanjaro au Nyanda za Juu Kusini, inafika kwa Fuso au Canter, inavuka Daraja la Nyerere usiku. Tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2016 safari imekuwa rahisi, lakini kushusha bado ni kule kule. Watu sita wanamsukuma mnyama aruke kutoka kimo cha kiuno, gizani, juu ya mchanga, baada ya saa kumi za kusimama. Mwaka fulani tulipoteza mtamba mmoja mwenye mimba kwa namna hiyo, mguu wa mbele ulivunjika. Suluhisho lake halina gharama yoyote. Kabla gari halijafika, chimbeni mchanga mfanye tuta lenye kimo cha bodi ya gari, mlishindilie, pande zake mwekee mapau mawili. Gari lirudi nyuma mpaka liguse tuta. Mtamba atatembea kama anatoka zizini. Ndani ya gari kuwe na mchanga au maranda sakafuni, na miguu isifungwe.

Sheria na gharama

Tusidhani haya ni mapenzi ya wazungu kwa wanyama. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama katika kumshika na kumsafirisha. Na mwaka 2025 Serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, ambayo inahusu pia kuvalishwa hereni za masikioni. Hebu fikirini: kumvalisha mtamba hereni ni lazima kichwa kitulie kama jiwe. Bila kibanio mtaalamu atafanya nini? Atamfunga miguu, atamwangusha. Tumewaona ng'ombe wenye mimba wakiangushwa hivyo.

Kuhusu gharama, tunajua mnachowaza. Mama mmoja alituuliza wiki iliyopita, "Sasa mwanangu, nijenge kibanio au nilipe ada?" Tulinyamaza kwanza, maana swali ni la kweli. Jibu tulilofikia baada ya kukaa kamati ni hili. Wafugaji watatu au wanne wa jirani wajenge kimoja kwa pamoja, mahali ambapo ng'ombe hawatavuka barabara kubwa yenye bodaboda. Nguvu kazi na miti ni ya kwao. Saruji na pini za mdomo zitatoka kwenye mfuko wa mradi. Kwa kuwa ng'ombe wa nyumba tofauti watapita mahali pamoja, sakafu na mapau yaoshwe kwa dawa kila baada ya kazi, na mnyama aliyetupa mimba asipelekwe pale mpaka apimwe, kwa sababu ugonjwa wa kutupa mimba unaambukiza ng'ombe wengine na watu pia.

Na kuanzia sasa fomu ya ukaguzi imebadilika. Swali la kwanza kabisa linasema: kibanio kiko wapi? Familia isiyo na kibanio chake wala cha jirani haitapokea mtamba. Hata kama banda ni la vigae. Hata kama ni familia ya mzee wa kanisa, na tunasema hivyo tukiwaangalia wazee walioketi mstari wa mbele. Familia tatu zilizokuwa kwenye orodha ya mwezi huu zimesogezwa mbele kwa sababu hiyo. Tunajua zimeumia, na wengine wamesema tumewanyang'anya haki yao. Tumewatembelea, tumepima mahali, na mashimo ya nguzo mbili za kwanza yameshachimbwa.

Yule mama yetu anaendelea kukamua. Amejifunza kutumia mkono wa kushoto, na binti yake anamsaidia jioni. Kibanio chake kilijengwa na kikundi, ndicho hicho tutakachokiona leo mchana, na ndama wa kwanza jike aliyezaliwa kwake alishakabidhiwa kwa familia nyingine. Alipokabidhiwa alikuwa amevaa hatamu ya katani na alitembea nyuma ya mtoto wa miaka tisa bila kuvutwa.

Maswali tutayachukua tukiwa kule bandani. Kwa sasa chai ipo. Baada ya chai kila mtu achukue kipande cha kamba mezani, aje kwenye zile nguzo nyuma ya ukumbi, afunge fundo la kitanzi mara tatu na kulifungua kwa kuvuta ncha moja. Asiyeweza kulifungua akiwa amefumba macho, arudie.